Fasihi Kama Chombo: Uaminifu wa Msomaji katika Ufundishaji wa Kiingereza Kama Lugha ya Pili

Utangulizi

Ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili umeitegemea fasihi kwa muda mrefu, na kwa muda huo wote umeandamwa na swali ambalo aghalabu hujibiwa kana kwamba ni la mbinu tu: je, yafaa kazi ya sanaa itumiwe kama chombo cha kufundishia lugha? Wataalamu wa isimu hulijibu kwa kupima msamiati na miundo anayoipata mwanafunzi. Wahakiki wa fasihi hulijibu kwa kulalamika kwamba sanaa inadunishwa. Majibu yote mawili yana mashiko, lakini yote mawili yanamsahau aliyeketi katikati, yaani mwanafunzi mwenyewe, ambaye anatakiwa kusoma kwa lugha asiyoimiliki vyema na kisha kutoa kauli kuhusu alichokisoma. Makala haya yanalichukulia swali hilo kuwa la kimaadili kwanza. Yanadai kwamba kosa si kuitumia fasihi. Kosa ni kumzoeza msomaji, kwa njia ya fasihi, kudai kuwa amehisi na kuamini jambo ambalo hakulihisi wala hakuliamini.

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa suala lenyewe. Tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House, ilipata kuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiingereza katika mtihani wa KCSE. Mwishoni mwa tamthilia hiyo Nora anamketisha mumewe, Torvald, na kumweleza kwamba maisha yake yote, kwanza mikononi mwa babake na kisha mikononi mwa mumewe, amefanywa kuwa mwanasesere. Anaondoka, akimwacha mume na watoto watatu, na mlango unasikika ukifungwa kwa kishindo. Sasa, karatasi ya pili ya mtihani huo hutenga alama 25 kwa dondoo la kitabu teule. Baada ya maswali kuhusu maudhui na wahusika, si ajabu kukuta swali la alama moja ambalo humtaka mtahiniwa aigeuze sentensi ya mhusika iwe katika usemi wa taarifa. Mwanamke anaivunja ndoa yake mbele ya macho ya msomaji, na msomaji anatakiwa kubadilisha nafsi na njeo.

Wahakiki wengi wangeishia hapo na kutangaza kuwa sanaa imetukanwa. Hata hivyo, ukilitazama kwa makini, swali la usemi wa taarifa ndilo lenye uaminifu mkubwa zaidi katika mtihani mzima. Halimtaki mwanafunzi aseme uongo. Linamwuliza jambo ambalo anaweza kulijua, na akilijua anapata alama yake, awe amempenda Nora au amemchukia. Linalostahili kutiliwa shaka ni swali jingine, lenye hadhi kubwa zaidi: lile la insha katika karatasi ya tatu, lenye alama 20. Swali hilo kwa kawaida hutoa kauli iliyokamilika kuhusu mhusika au maudhui, kisha humtaka mtahiniwa aonyeshe, kwa kurejelea kitabu, ukweli wa kauli hiyo. Mtahini ameshasoma, ameshahukumu, na sasa anatafuta mashahidi. Msichana wa kidato cha nne anayeamini kuwa Nora aliwakosea watoto wake watatu hana pa kulisema hilo. Atalimeza, na ataandika insha nzuri ya kuthibitisha asichokiamini.

Fasihi ya Kiingereza ilivyoingia darasani

Hali hii haikuzuka jana. Fasihi ya Kiingereza haikuingizwa shuleni kwa ajili ya uzuri wake pekee. Gauri Viswanathan, katika kitabu chake Masks of Conquest (1989), ameonyesha kwamba somo hili lilipata umbo lake katika India ya kikoloni kabla ya kuimarika katika vyuo vya Uingereza kwenyewe. Mwaka wa 1835, kufuatia waraka wa Thomas Babington Macaulay, serikali iliipa elimu ya Kiingereza kipaumbele. Kwa kuwa watawala walihofia kufundisha Biblia waziwazi mbele ya Wahindu na Waislamu, fasihi ya Kiingereza ilipewa kazi ya kuyabeba maadili ambayo mmisionari hakuruhusiwa kuyahubiri katika shule za serikali. Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha masomo ya shahada ya Kiingereza mwaka wa 1894, karibu miaka 60 baadaye.

La kuzingatia katika historia hii ni kwamba tangu mwanzo somo hili lilidai zaidi ya maarifa. Mwanafunzi wa hesabu hatakiwi kuipenda jumla aliyoipata. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza alitakiwa kuyastaajabia aliyoyasoma, na kustaajabu kwake ndiko kulikochukuliwa kuwa dalili ya kustaarabika. Kwa hivyo lugha, fasihi na utiifu vilifungwa katika kitita kimoja. Aliyekipokea kimojawapo alihesabiwa kuwa amevipokea vyote.

Nchini Kenya kitita hicho kilifunguliwa kwa awamu. Shule ya upili ya Alliance, iliyoanzishwa mwaka wa 1926, ilipata umaarufu kwa kuigiza tamthilia za Shakespeare kila mwaka wakati wa Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962. Mwaka wa 1961 mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili ulifanyika Makerere. Robert Phillipson, katika Linguistic Imperialism (1992), anaeleza kuwa miongoni mwa imani zilizotiwa nguvu na mkutano huo ni ile kwamba Kiingereza hufundishwa vyema zaidi kwa Kiingereza pekee, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana kiwango cha Kiingereza hushuka. Imani hiyo ina umuhimu mkubwa kwa mjadala huu, na itarejelewa hapa chini.

Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo. Mwaka wa 1974 mjadala huo ulifika katika ngazi ya shule kupitia mkutano wa walimu uliofanyika Nairobi School. Kisha mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliunganisha Kiingereza na fasihi kuwa somo moja, na silabasi ya mwaka wa 2002 ikauimarisha muungano huo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umekuwa ukiuondoa mfumo wa 8-4-4 hatua kwa hatua, lakini swali lenyewe haliondoki na mfumo.

Kutumia si kosa

Kuna hoja inayosikika mara nyingi katika idara za fasihi kwamba sanaa ina hadhi yake yenyewe, na kwamba kuigeuza kuwa chombo ni kuidhulumu. Hoja hii huazima nguvu zake, pengine bila kujua, kutoka kwa Immanuel Kant, ambaye mwaka wa 1785 alishikilia kwamba haifai kumtendea mtu kama chombo tu, bali sharti kila mara atendewe pia kama lengo. Lakini Kant alikuwa akizungumza kuhusu watu. Kitabu si mtu. Hakiumii kinapochambuliwa sarufi yake, na hakipungukiwi na chochote mwanafunzi anapokitumia kujifunza viunganishi.

Isitoshe, msimamo wa kuitenga sanaa na matumizi ni mgeni katika mazingira ya Afrika Mashariki. Ngano zilifundisha watoto lugha na tabia kwa wakati mmoja. Vitendawili vilinoa msamiati na akili. Tenzi za pwani zilitungwa kwa ajili ya mafunzo ya dini, historia na maadili, na hakuna aliyeona kuwa ushairi wake uliharibika kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya. Anayesema kuwa fasihi haipaswi kutumiwa atalazimika kuitupa sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili.

Wataalamu wa lugha nao wana hoja nzito. H. G. Widdowson, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu elimumtindo na ufundishaji wa fasihi, alipendekeza kazi ya fasihi ichunguzwe kama mazungumzo, yaani lugha inayofanya kazi kati ya watu. Ronald Carter na Michael Long, mwaka wa 1991, walitofautisha mikabala mitatu: ule unaofundisha fasihi kwa ajili ya utamaduni, ule unaoifundisha kwa ajili ya lugha, na ule unaoifundisha kwa ajili ya ukuaji wa mtu binafsi. Mgawanyo huu ni wa manufaa kwa sababu unaonyesha kwamba matumizi hayana sura moja. Fasihi humpa mwanafunzi kitu ambacho zoezi la sarufi haliwezi kumpa: sentensi iliyosemwa na mtu fulani, kwa mtu fulani, kwa sababu fulani. Sentensi ya namna hiyo hukumbukwa.

Ikiwa basi kutumia si kosa, na manufaa yapo, kosa liko wapi?

Unafiki wa darasani

Jibu linaanza kuonekana katika maandishi ya wale waliosomeshwa kwa njia hii. Katika riwaya ya Jamaica Kincaid, Lucy (1990), mhusika mkuu anakumbuka jinsi alivyolazimishwa, akiwa na umri wa miaka 10 katika shule ya kisiwani kwao huko Karibiani, kukariri shairi la William Wordsworth kuhusu maua ya dafodili, maua ambayo hakuwa ameyaona. Alilighani mbele ya hadhira. Alishangiliwa na kusifiwa kwa matamshi yake na kwa hisia alizozionyesha. Akazipokea sifa kwa adabu, huku moyoni akiapa kulifuta shairi hilo neno kwa neno. Usiku ule aliota akikimbizwa na maua yale. Miaka mingi baadaye, alipoyaona kwa mara ya kwanza huko Marekani, alitamani kuyafyeka.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushahidi dhidi ya mada za kigeni. Usomaji huo una ukweli, ila haufiki kwenye kiini. Kutoyaona maua si dhambi ya mtu. Watoto wa Turkana husoma habari za bahari na watoto wa Lamu husoma habari za theluji, na wote wawili huweza kufurahi. Kilichomwumiza Lucy ni kwamba alifundishwa kuwa wawili: wa nje anayesifu, na wa ndani anayechukia. Shule haikugundua uwili huo. Zaidi ya hayo, shule iliutunuku. Matamshi yalikuwa sahihi, hisia zilionekana, na somo la lugha likahesabiwa kuwa limefaulu.

Kinyume chake ni habari ya C. L. R. James, ambaye katika Beyond a Boundary (1963) anasimulia jinsi alivyokisoma kitabu cha Thackeray, Vanity Fair, mara nyingi mno akiwa mtoto huko Trinidad. Riwaya ile ilikuwa ngeni kwake kama maua yalivyokuwa kwa Lucy. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemsimamia akimtaka aonyeshe kuvutiwa. Alivutiwa kweli, na baadaye, akiwa mwanafikra wa mrengo wa kushoto, aliweza kuuchunguza mvuto huo na kuuhoji. Mtu hawezi kuuhoji mvuto ambao hakuwa nao.

Louise Rosenblatt, katika kitabu chake cha 1978, alitofautisha kusoma kwa ajili ya kubeba maarifa na kusoma kwa ajili ya kuliishi lile linalosomwa. Darasa la lugha ya pili lina hatari ya pekee ya kuuchanganya usomaji huu. Mwanafunzi husoma kwa njia ya kwanza, yaani hubeba majina, matukio na kauli za wahakiki, kisha hutakiwa kuandika kana kwamba amesoma kwa njia ya pili. Miongozo ya vitabu teule, iliyojaa katika maduka ya vitabu, imezaliwa na pengo hilo. Mwalimu huilaumu kwa uvivu wa wanafunzi, lakini mwanafunzi anayeununua mwongozo si lazima awe mvivu. Ameelewa kwa usahihi anachotakiwa kukitoa. Ikiwa jibu la insha limeshaamuliwa, busara ni kulinunua kwa aliye nalo.

Kwa nini hatari hii ni kubwa zaidi katika lugha ya pili? Kwa sababu kukubali na kupinga havihitaji kiasi sawa cha lugha. Anayekubali huweza kuyarudia maneno ya mwalimu. Anayepinga sharti atafute maneno yake mwenyewe, ayapange, akiri sehemu ya hoja ya mwenzake na kuikataa sehemu nyingine, achague kati ya ukali na heshima. Mwanafunzi asiye na lugha ya kutosha ya kupinga hatapinga. Polepole ataamini kuwa maoni yake ni yale ambayo ana Kiingereza cha kuyasemea. Hapo ndipo ile imani ya Kiingereza kwa Kiingereza pekee, iliyotajwa hapo juu, inapogeuka kutoka kanuni ya ufundishaji na kuwa suala la kimaadili. Kumnyima mwanafunzi Kiswahili au lugha ya mama wakati anapojadili alichokisoma ni kumnyima silaha pekee aliyokuwa nayo ya kusema hapana.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba tatizo hili lilitatuliwa pale fasihi ya Kiafrika ilipochukua nafasi ya Wordsworth. Waraka wa 1968 ulikuwa hatua kubwa, na hakuna anayepaswa kuubeza. Uliubadilisha umilikaji wa kitovu. Hata hivyo, kubadilisha kitabu hakubadilishi kwa lazima uhusiano wa msomaji na kitabu. Riwaya ya H. R. ole Kulet, Blossoms of the Savannah (2008), iliyopata kuwa kitabu teule cha KCSE, inawahusu dada wawili, Taiyo na Resian, wanaokabiliwa na ukeketaji na ndoa ya kulazimishwa katika jamii ya Wamaasai. Hakuna ugeni wa maua hapa. Katika baadhi ya madarasa yaliyoisoma, huenda aliketi msichana aliyekeketwa, au ambaye dadake alikeketwa, au ambaye mama yake angali anaamini kwa dhati kuwa desturi hiyo ni heshima. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 inakataza ukeketaji, na inafaa ikataze. Lakini msichana huyo akiandika insha safi ya alama 18 ya kulaani ukeketaji kwa sentensi za mwongozo, bila kuwahi kupata nafasi ya kusema anachokiogopa, anachokionea aibu au anachokishuku, riwaya haikumfikia. Amejifunza kwamba hata jambo lililo mwilini mwake lina jibu la mtahini. Kitabu kilichoandikwa ili kumkomboa kimetumiwa kumnyamazisha, na kosa si la mwandishi.

Pingamizi la pili ni kwamba mwanafunzi sharti ajue kwanza ndipo atoe maoni. Kwamba kumpa mtoto wa miaka 16 uhuru wa kumhukumu Ibsen ni kuruhusu porojo. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Maoni yasiyotokana na matini hayana thamani ya kihakiki, na mwalimu ana haki ya kudai ushahidi. Ila kudai ushahidi ni jambo moja, na kuamua hukumu mapema ni jambo jingine. Anayemwona Nora kuwa mkosaji anaweza kuulizwa ataje pale tamthilia inapomwunga mkono na pale inapompinga. Kwa kweli atalazimika kuisoma kwa makini zaidi kuliko mwenzake anayethibitisha kauli aliyopewa, kwa kuwa hana mwongozo wa kumsaidia.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watahini. Mtihani wa taifa husahihishwa na maelfu ya walimu, na bila majibu yaliyokubaliwa hakutakuwa na usawa. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana udhalimu wa usahihishaji ni udhalimu pia. Lakini kinachoweza kukubaliwa mapema ni vigezo: kama hoja ni wazi, kama mifano ni ya kweli, kama lugha inabeba maana. Vigezo hivyo vinaweza kuwapima kwa haki wanafunzi wawili wenye misimamo inayopingana. Kauli inayotolewa kwenye swali inaweza kuambatana na ombi fupi la kuijadili, badala ya amri ya kuithibitisha. Tofauti ya kitenzi kimoja hufungua mlango wa pili.

Lipo pia jambo ambalo watetezi wa Kiswahili hulikwepa. Katika KCSE, Kiswahili hutenga karatasi nzima ya tatu, yenye alama 80, kwa ajili ya fasihi, na mpangilio huo unaipa fasihi heshima ambayo Kiingereza hakiipi. Lakini kwa Wakenya wengi Kiswahili nacho ni lugha ya pili, na katika maeneo mengine ni ya tatu. Mtoto wa Lodwar au wa Kapenguria anayetakiwa kuthibitisha kauli kuhusu riwaya ya Kiswahili anaweza kuwa katika hali ile ile ya Lucy. Hoja inayotolewa hapa dhidi ya ufundishaji wa Kiingereza ni lazima ikubaliwe pale inapoikabili lugha inayopendwa zaidi.

Mfano wa jibu la kweli

Je, msomaji wa lugha ya pili anaweza kuijibu kazi ya Kiingereza kwa uaminifu? Mfano mmoja mkubwa uko karibu. Julius Nyerere alikuwa Mzanaki. Kiswahili na Kiingereza zote zilikuwa lugha alizojifunza, na Kiingereza alikipata kupitia shule ya Tabora, Makerere na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka wa 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka wa 1969 ile ya The Merchant of Venice, aliyoiita Mabepari wa Venisi.

Kichwa hicho kinafaa kutazamwa kwa makini. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere ametaja wengi. Neno bepari lilikuwa na maana ya kale ya mfanyabiashara mkubwa, lakini mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, halikuweza kusomwa Tanzania bila kusikika maana ya mnyonyaji. Kwa neno moja na kiambishi kimoja, lawama ambayo wasomaji wengi humtwika Shylock peke yake imesambazwa hadi kwa Antonio na mji mzima. Mhakiki anaweza kusema kuwa mtafsiri amepotoka. Hilo ni suala la kujadiliwa. Lisilojadilika ni kwamba hapa pana msomaji aliyejibu. Alikitumia kitabu, na alikitumia kwa malengo yake ya kisiasa na ya kuikuza lugha yake, lakini hakujifanya amekisoma kama alivyotarajiwa kukisoma. Samuel Mushi, aliyetafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969), naye alifanya kazi katika uwanja huo huo.

Si kila mwanafunzi atakuwa Nyerere. Hata hivyo, kila darasa linaweza kutenda kwa udogo alichokitenda yeye kwa ukubwa. Wanafunzi waliosoma onyesho la mwisho la A Doll's House wanaweza kuulizwa jinsi kichwa chake kingetafsiriwa. Je, iwe nyumba ya mwanasesere au nyumba ya wanasesere? Katika uchaguzi huo wa umoja na wingi mna sarufi, mna fasihi, na mna hukumu: ni Nora peke yake aliyekuwa mwanasesere, au Torvald pia? Hapo pia panafaa mwalimu akiri jambo ambalo mtihani wa Kiingereza huelekea kulificha, kwamba Ibsen aliandika kwa lugha ya kwao Norwe mwaka wa 1879, na kwamba Kiingereza anachochambua mwanafunzi ni cha mtafsiri. Mwanafunzi akijua kwamba Mwingereza pia alikipokea kitabu hicho kama mgeni, atapunguza hofu ya kuwa mgeni.

Mjadala wa namna hiyo unaweza kuanza kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote wanayoshiriki wanafunzi, kisha ukahamishiwa kwenye Kiingereza cha maandishi. Lugha lengwa haipotezi kitu. Inapata mtu aliye na jambo la kusema, na mwenye jambo la kusema hutafuta maneno kwa bidii kuliko anayejaza nafasi. Aidha, lugha ya kupinga ifundishwe waziwazi kama inavyofundishwa barua rasmi: jinsi ya kukiri, kutilia shaka, kukataa kwa adabu. Na maswali ya sarufi yaendelee kuulizwa, ila yajulikane kuwa ni ya sarufi.

Hitimisho

Msimulizi wa ngano husema "Paukwa!" na kungoja. Hadhira isipoitikia "Pakawa!" hadithi haianzi. Itikio hilo ni fupi na la mazoea, lakini lina maana: msimulizi amekiri kuwa hawezi kuendelea bila ridhaa ya wanaomsikiliza. Katikati ya hadithi wasikilizaji huguna, huuliza, hucheka pasipotarajiwa, na msimulizi hodari hubadilika. Darasa la Kiingereza limekichukua kitabu na kuliacha itikio, au limelibakiza itikio ambalo limeandikwa na mtu mwingine.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Fasihi ya Kiingereza, na fasihi ya dunia inayosomwa kwa Kiingereza, inaweza kuwa mgeni wa namna hiyo kwa mwanafunzi wa Kenya, na inaweza pia kumfundisha lugha bila kumdhuru yeyote. Sharti ni moja. Mwenyeji awe na ruhusa ya kunena nyumbani mwake, na akinena kwamba chakula cha mgeni hakikumpendeza, asikatwe alama kwa kusema kweli.